Mchango wa Darasa: Jinsi ya Kusaidiana na Wenzako wa Sekondari Bila Kupotezana

"Umepotea sana!"

Ukipokea ujumbe huu kutoka kwa mtu mliyemaliza naye kidato cha nne, mambo mawili hukupitia kichwani. La kwanza ni furaha. La pili, tuseme tu ukweli, ni swali: huu sasa ni mchango wa nini?

Tunacheka, lakini jambo lenyewe ni zito. Mlikula githeri kutoka sufuria moja miaka minne. Mlisoma prepu kwa tochi stima zikipotea. Mnajuana kwa namna ambayo hata watu wa ofisini kwako hawakujui. Leo kinachowaunganisha ni grupu moja ya WhatsApp, na mara nyingi kinachoiamsha grupu hiyo ni msiba, harusi au bili ya hospitali. Kwa hivyo namna mnavyoshughulikia pesa ndiyo itakayoamua kama darasa lenu litadumu au la.

Katika somo la leo tutaangalia jinsi ya kuchangiana vizuri na wenzako wa shule: pesa zionekane, mweka hazina alale usingizi, na asiwepo mtu wa kuondoka kwenye grupu kwa aibu.

Kwanza, kisa kimoja

Mwenzetu mmoja hapa ofisini ameturuhusu tusimulie haya, mradi tusitaje jina lake wala shule yake.

Alifanya KCSE mwaka wa 2016 katika shule ya bweni. Darasa lao lilikuwa na wasichana 42, na grupu yao ina 38. Mwaka wa 2023 mmoja wao alifiwa na mama. Kwa kuwa mwenzetu anafanya kazi kwenye kampuni ya malipo, wote walisema kwa sauti moja: wewe ndiwe mweka hazina.

Akaandika ujumbe: "Tujikaze jameni, angalau 500. Tuma na ya kutoa." Kila pesa ilipoingia, aliongeza jina kwenye orodha na kuibandika tena kwenye grupu. Unaijua orodha hiyo. Namba moja, jina, 1,000. Namba mbili, jina, 500. Inakua kila saa, na kila mtu anaona nani ametoa na nani bado.

Mwishoni hesabu zilikaa hivi:

- Waliochanga: 27
- Jumla: shilingi 23,000
- Rambirambi kwa familia: 18,000
- Usafiri wa wawakilishi: 4,000
- Ada za kutuma na kutoa: 150
- Baki: 850

Mahesabu safi. Hakuna aliyelalamika. Lakini wiki hiyo hiyo mtu mmoja alitoka kwenye grupu kimyakimya. Alikuwa ndiye aliyekaa dawati moja na mwenzetu tangu fomu tu, na ndiye aliyemgawia sabuni na sukari muhula ule ambao nyumbani kwao mambo yalikuwa yamekaza. Mwenzetu alikasirika. Akasema moyoni, huyu tumezikiwa na mwenzetu naye anakimbia mia tano?

Walikutana karibu mwaka mmoja baadaye kwenye steji ya matatu. Walisalimiana, wakaongea mambo ya kawaida, na mwisho mwenzetu akashindwa kunyamaza. Akamwuliza kwa nini aliondoka. Jibu lilikuwa hili: "Nilikuwa na mia moja kwa simu. Niliangalia hiyo orodha nikaona hakuna mtu ako chini ya mia tano. Nikaona ni afadhali mfikirie nimekataa kuliko mjue sina."

Alikuwa amepoteza kazi miezi mitatu kabla. Hakuna aliyejua, kwa sababu hakuna aliyemwuliza.

Shilingi zote 23,000 zilihesabiwa sawasawa. Aliyepotea katika hesabu hiyo ni mtu. Masomo yanayofuata tumeyatoa hapo.

Somo la 1: Pesa zionekane, mtu asianikwe

Wengi huweka orodha ya majina na kiasi kwa nia nzuri. Wanataka uwazi. Lakini uwazi maana yake ni kila mtu aweze kuhakikisha pesa yake imefika na imetumika vizuri. Haimaanishi kila mtu ajue mfuko wa mwenzake una nini.

Njia rahisi ni kutumia namba ya muamala. Kila ukituma pesa kwa simu, unapata ujumbe wenye msimbo wa herufi na tarakimu. Mweka hazina aandike herufi nne za mwisho za msimbo pamoja na kiasi, bila jina. Kwa mfano:

- ...K7QX: 1,000
- ...3TMB: 500
- ...P9ZA: 100

Kila aliyetuma atafungua simu yake na kuona msimbo wake uko hapo. Yeyote anaweza kujumlisha na kupata jumla ile ile. Lakini aliyetuma 100 anajijua peke yake, mweka hazina, na wale wawili mliowachagua kukagua hesabu.

Jambo la pili: msiweke "angalau". Badala yake andikeni, "Toa unachoweza, hata kama ni maombi na kufika mazishini." Kuna atakayetoa chini ya mlivyotarajia, ndiyo. Lakini anayetoa 100 leo bado yuko darasani kesho, na kesho inaweza kuwa zamu yake kutoa 5,000.

Somo la 2: Pesa za darasa zisilale na pesa za mtu

Hapa ndipo urafiki mwingi huvunjika, hata pale ambapo hakuna mwizi.

Mweka hazina anapokea michango kwenye laini yake ya kila siku. Jioni ananunua unga na kulipa boda kwa laini hiyo hiyo. Kama alikuwa na deni la mkopo wa simu, pesa ikiingia tu inaweza kukatwa kulipa deni kabla hajaiona. Kufikia siku ya tatu hajui tena ipi ni yake na ipi ni ya darasa. Hakuiba. Lakini akiulizwa, hana jibu la haraka, na kimya chake kinasomwa vibaya.

Fanyeni hivi:

1. Tumieni laini au akaunti ya pekee. Kwa mchango wa mara moja, laini isiyo na mkopo wala matumizi mengine inatosha. Kama mnachanga kila mwezi, fungueni akaunti ya kikundi yenye namba ya Paybill au Till.
2. Wekeni watu watatu. Mmoja apokee, wawili wakague. Pesa isitoke kabla wawili hao hawajakubali kwa maandishi.
3. Ombeni taarifa ya miamala. Mweka hazina aitoe kwenye simu na kuwatumia wakaguzi. Picha ya skrini haitoshi, kwa kuwa inaonyesha sehemu tu.
4. Fungeni hesabu ndani ya siku saba. Semeni kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki na baki inakwenda wapi. Ile 850 ya mwenzetu ilikaa miezi mitano bila mtu kuamua. Ni pesa kidogo, ila ndizo pesa kidogo zinazoleta minong'ono.

Mkishaanza kuweka akiba ya pamoja, jisajilini. Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022 inaruhusu kikundi cha watu wasiopungua 10 kusajiliwa kupitia ofisi ya maendeleo ya jamii. Mkiwa na cheti na katiba yenu, ni rahisi zaidi kufungua akaunti kwa jina la kikundi, na mweka hazina akihamia mji mwingine pesa hazihami naye.

Somo la 3: Unamjua kwa jina la utani. Simu inamjua kwa jina la kitambulisho

Miaka minne ulimwita Profesa. Leo unamtumia 2,000, simu inakuonyesha majina mawili ambayo hujawahi kuyasikia. Ni yeye ama si yeye?

Pia kuna waliobadilisha majina baada ya ndoa. Na kuna namba za zamani. Laini isipotumika kwa muda mrefu, kampuni ya simu inaweza kuifunga na baadaye kumpa mtu mwingine. Ile namba uliyoihifadhi mkiwa fomu foo inaweza kuwa leo ni ya mzee wa watu huko mbali ambaye hamjui hata ni nani.

Kwa hivyo:

- Kila mwanzo wa mwaka, mtu mmoja asasishe orodha ya namba na jina kamili linalotokea pesa inapotumwa. Orodha hii isibandikwe kwenye grupu. Ikae kwa viongozi.
- Kabla ya kubonyeza, soma jina. Likiwa geni, simama, piga simu kwanza.
- Ukikosea namba, wasiliana na huduma kwa wateja hapo hapo uombe muamala urudishwe. Dakika chache zina maana, kwa sababu pesa ikishatolewa au kutumika, kuirejesha ni kazi ngumu.

Somo la 4: "Niko hospitali, nitumie 5,000, nitarudisha jioni"

Matapeli wanajua watu waliosoma pamoja huaminiana. Ndiyo maana wanapenda kuteka akaunti ya WhatsApp ya mtu mmoja, halafu kuomba pesa kwa grupu nzima.

Wanavyofanya: mtu anapigiwa simu na kuambiwa, "Nimetuma msimbo wa tarakimu sita kwako kwa makosa, hebu nisomee." Ule ni msimbo wa kufungua WhatsApp yako kwenye simu nyingine. Ukiusoma, umempa funguo. Dakika chache baadaye "wewe" unaanza kuwaomba wenzako pesa, picha yako ikiwa pale pale.

Kinga ni hizi:

- Usimsomee mtu yeyote msimbo uliotumwa kwenye simu yako.
- Washa uthibitisho wa hatua mbili kwenye mipangilio ya WhatsApp, uweke PIN yako mwenyewe.
- Mwenzako akiomba pesa kwa maandishi, mpigie simu ya kawaida, usikie sauti. Kama sauti haieleweki, muulize kitu cha shule ambacho hakijawahi kuandikwa kwenye grupu. Nani alikuwa monita fomu tu? Ni dirisha gani la bweni halikuwa likifunga? Tapeli hajui dirisha hilo.

Na kumbuka, sisi hatutakupigia simu kamwe kukuuliza PIN yako. Anayeiuliza si sisi.

Somo la 5: Piga simu wakati hakuna mchango

Hili halina ada, na ndilo kubwa kuliko yote.

Pesa kwa simu zilipoanza hapa Kenya mwaka wa 2007, kusaidia rafiki aliye mbali kukawa kazi ya dakika moja. Kabla ya hapo ulituma bahasha na dereva wa basi, au ulifunga safari mwenyewe, ukifika unakalishwa, unapewa chai, unasikia habari zote. Leo pesa inafika bila sisi kufika. Ni baraka, lakini ina shimo lake: tunaweza kumchangia mtu mara tatu kwa mwaka na tusijue anaishi vipi.

Walioketi KCSE ya kwanza kabisa, ile ya 1989, sasa wako kwenye miaka ya hamsini. Hao wanalea, wanalipa karo ya chuo na wanazika wazazi. Sisi wa juzi tunatafuta kazi na kulipa kodi ya nyumba. Mizigo ni tofauti, lakini aibu ya kusema "sina" ni ile ile. Atakayeijua mapema ni yule aliyepiga simu bila sababu.

Mwenzetu alimrudisha rafiki yake kwenye grupu siku ile ile ya steji. Hakumtangaza wala hakueleza lolote. Aliandika tu, "Tumempata aliyepotea," na salamu zikamiminika hadi usiku. Wiki mbili baadaye mmoja wa wale 38, aliyekuwa na duka la vifaa vya umeme, alikuwa anatafuta mtu wa kushika kaunta. Hakuna mchango uliohitajika. Kilichohitajika ni mtu kujua.

Kazi yako ya wiki hii

1. Fungua grupu ya darasa lenu, angalia nani hajaandika neno tangu mwaka jana. Chagua mmoja.
2. Mpigie. Usimwandikie. Usitaje pesa.
3. Kama wewe ni mweka hazina, badilisha orodha ya majina iwe orodha ya misimbo kuanzia mchango ujao.
4. Kama kuna baki ambayo haijaamuliwa, itangaze leo, hata kama ni shilingi 50.

Na ukipiga hiyo simu, usianze na "umepotea sana". Huenda ni sisi tuliompoteza.