Pikapu Inapolia Ti-ti-ti: Sikiliza Kabla ya Kufungua Injini



Somo la mwezi huu si juu ya ng'ombe wala mahindi. Ni juu ya pikapu, ipelekayo maziwa asubuhi na kurudisha mbolea jioni. Siku moja utasikia mlio mdogo ndani ya injini, ti-ti-ti-ti, kama saa ya ukutani iendayo mbio. Je, utafanya nini?

Nawajua wakulima wawili wa skimu moja waliousikia mlio huo. Wa kwanza aliogopa. Aliambiwa kwamba injini lazima ifunguliwe yote, akauza mtamba mwenye mimba ili apate fedha. Kumbe plagi moja tu ilikuwa imelegea. Wa pili hakuogopa hata kidogo. Alisema, "Gari linatembea, lina nini?" Oili ilikuwa imepungua sana naye hakujua. Siku ya kumi injini ilikwama njiani, mitungi ya maziwa ya majirani ikiwa nyuma. Mmoja alifanya haraka, mwingine alikawia, lakini kosa lao ni moja: hawakuchunguza.

Kwanza, pima oili

Simamisha gari mahali palipo sawa, zima injini, ungoje kama dakika 10. Chomoa kijiti cha kupimia oili, kipanguse kwa kitambaa safi, kirudishe mpaka mwisho, kisha kichomoe tena. Oili yapasa kuwa kati ya alama mbili. Ikiwa imepungua, ongeza kidogo kidogo oili ya namna iliyoandikwa katika kitabu cha gari, wala usipite alama ya juu.

Taa nyekundu ya oili ikiwaka wakati injini inazunguka, zima papo hapo. Usiseme, "Nifike nyumbani kwanza." Hali kadhalika ukisikia mlio mzito, du-du-du, kutoka chini ya injini, hasa gari likipanda mlima na mzigo, simama umwite fundi.

Pili, tafuta mahali mlio unapotoka

Fanya kazi hii nje, kwa maana moshi wa injini katika banda lililofungwa huua mtu. Vua shuka, kunja mikono ya shati, ukae mbali na feni na belti. Chukua kipande cha mpira wa maji chenye urefu wa mita 1. Weka ncha moja karibu na sikio, na ncha ya pili uisogeze polepole kando ya injini. Mlio unapozidi, hapo ndipo penye ugonjwa. Sababu za kawaida ni hizi:

1. Ubavuni, bomba la moshi linapoungana na injini. Mlio huwa mkubwa asubuhi, kisha hupungua injini ipatapo moto, kwa sababu chuma hutanuka na kuziba ufa. Tazama kama pana masizi meusi. Injini ikiwa baridi, kaza nati zake. Isipopona, gasketi ibadilishwe.

2. Kwenye plagi. Plagi iliyolegea hupuliza hewa kwa mlio huo huo. Injini ikipoa, ikaze kwa spana yake, bila kutumia nguvu nyingi. Waya wa plagi uliopasuka nao hurusha cheche. Fungua boneti usiku utaziona. Usiushike kwa mkono.

3. Mbele, kwenye feni. Belti iliyochanika hupiga kila izungukapo. Nunua nyingine.

4. Juu, chini ya kifuniko cha valvu. Hapa ni tapeti. Kila valvu hufunguka mara 1 injini izungukapo mara 2. Kwa hiyo mlio huu ni wa taratibu sawasawa, na huenda mbio ukikanyaga mafuta.

Mwenye injini ya dizeli akumbuke kwamba injini yake hugonga kidogo hata ikiwa nzima. Zoea sauti yake ya kila siku, ndipo utakapojua imegeuka.

Tatu, kurekebisha tapeti

Injini nyingine hujirekebisha zenyewe kwa nguvu ya oili, na nyingine zahitaji vifaa vya fundi. Maneno haya ni kwa tapeti zenye skrubu na nati tu. Soma katika kitabu cha gari nafasi itakiwayo, na kama hupimwa injini ikiwa baridi au moto.

Katika injini nyingi za silinda 4 zenye valvu 8 kwa mstari mmoja, iko hesabu rahisi ya 9. Hesabu valvu kutoka mbele, 1 mpaka 8. Zungusha injini kwa mkono mpaka valvu ya 8 iwe imebonyezwa kabisa, kisha pima ya 1. Ya 7 ikibonyezwa, pima ya 2. Ya 3 ikibonyezwa, pima ya 6. Jumla ni 9 daima.

Ingiza fila geji. Yapasa ipite kwa kukwaruza kidogo, kama karatasi inayovutwa chini ya kitabu. Isipokuwa hivyo, legeza nati, geuza skrubu, kisha kaza nati huku umeishika skrubu isizunguke. Pima tena.

Angalieni sana: usikaze mpaka kelele yote inyamaze. Valvu isiyo na nafasi haifungi vizuri. Moto hupita kando yake na kuiunguza. Afadhali valvu inayosema kidogo kuliko iliyonyamaza ikaungua.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini tunapima oili kabla ya jambo lingine lolote?
2. Mlio unapungua injini ipatapo moto. Utatazama wapi?
3. Valvu ya 5 imebonyezwa kabisa. Utapima ya ngapi?

Mkulima awezaye kujibu maswali haya matatu hatauza mtamba kwa sababu ya plagi.