Pengwini Kaisari na Akiba ya Joto

Mwanafunzi akiulizwa ni majira gani yanayomfaa ndege kulea katika Antaktika, hapana shaka atataja kiangazi. Pengwini kaisari, aliye mkubwa kuliko pengwini wote, hufanya kinyume. Jike hutaga yai moja tu, mwezi Mei au Juni, majira ya baridi yanapoingia huko, juu ya barafu iliyoganda baharini. Hulikabidhi kwa dume, kisha hurudi baharini kutafuta chakula.

Dume huliweka yai juu ya miguu yake na kulifunika kwa mkunjo wa ngozi ya tumbo. Huliatamia siku 64 hivi, ilhali baridi yaweza kufika nyuzi 40 za Sentigredi chini ya sifuri. Ukijumlisha na siku za kutafuta mwenzi, hukaa bila chakula karibu miezi minne, na uzito wake hupungua kwa asilimia 40 hivi. Akiba ya mafuta mwilini ikishuka mno, huliacha yai na kwenda zake baharini. Kila chembe ya joto, basi, ina thamani.

Manyoya yake yamelaliana kama makuti ya paa, na chini ya ngozi mna tabaka la mafuta. Miguuni, ateri zenye damu ya moto hupita sambamba na vena zirudishazo damu baridi. Joto huvuka kutoka ateri kuingia katika vena na kurejea mwilini kabla ya kupotea barafuni.

Lakini hayo peke yake hayatoshi. Madume hukusanyika kwa mamia, pengine maelfu, wakabanana hata joto katikati ya kundi likapita nyuzi 30. Kundi zima husogea kwa hatua ndogo ndogo, na waliokuwa pembeni hupata zamu ya kuingia ndani. Mwalimu aweza kulionyesha jambo hili kwa urahisi: ajaze maji ya moto makopo manane yaliyo sawa, afunge saba pamoja, na la nane aliweke peke yake. Baada ya nusu saa kipimajoto kitaeleza kwamba kopo la katikati, ambalo uso wake mdogo tu hukutana na hewa, limepoa kidogo kuliko lile la upweke.

Mbona ataabike hivyo? Kinda huhitaji miezi mitano hivi kukua. Akianguliwa katikati ya baridi, huwa tayari kujitegemea kiangazi, chakula kinapokuwa tele baharini.

Hesabu hiyo hutegemea barafu kudumu hadi Desemba. Mwaka 2022, katika Bahari ya Bellingshausen, barafu ilivunjika mapema. Kati ya makoloni matano yajulikanayo katika eneo hilo, manne yaelekea yalipoteza makinda yote, kwa kuwa hayakuwa bado na manyoya yasiyopenya maji.