KILA KIUNGO CHA BOMBA HULA NGUVU YA MAJI



Katika somo la leo tutajifunza hesabu ya mabomba ya maji. Huenda mtu akasema, "Hiyo kazi ya fundi, mimi yanihusu nini?" Inakuhusu sana. Fedha za kununulia mabomba ni zetu. Wajumbe wa kamati ya maji tumewachagua sisi. Na anayesubiri maji ni mama, mtoto na mgonjwa. Kama unajua kujumlisha, kuzidisha na kugawanya, basi hesabu hii unaiweza.

Mwaka 1971 serikali ya Tanzania ilianza mpango wa miaka 20 wa kupeleka maji vijijini. Shabaha ilikuwa kila mwanakijiji apate maji kwa umbali usiozidi meta 400 kutoka nyumbani. Sera ya Maji ya mwaka 2002 nayo ilitaja meta 400. Lakini koki kuwa karibu ni jambo moja. Maji kutoka kwenye hiyo koki ni jambo lingine.

NGUVU YA MAJI INATOKA WAPI?

Maji ya mserereko hayasukumwi na injini. Yanasukumwa na uzito wake yenyewe. Tangi likiwa juu zaidi kuliko koki, nguvu inakuwa kubwa zaidi. Maji yenye kimo cha meta 10 husukuma kwa nguvu ya karibu kilo 1 juu ya kila sentimeta moja ya mraba. Kwa sababu hiyo mafundi huipima nguvu ya maji kwa meta za kimo.

Kimo hicho ni kama nauli. Maji yanatoka kwenye tangi na nauli yao. Njiani yanalipa kidogo kidogo. Nauli ikiisha mapema, kwenye koki yatafika yakidondoka tu.

NGUVU INAPOTEA WAPI?

Inapotea mahali pawili.

Kwanza, ndani ya bomba lenyewe. Maji yanapopita husuguana na ukuta wa bomba. Chukua bomba la chuma lenye kipenyo cha ndani cha milimita 25, yaani kama inchi moja. Pitisha lita 18 kwa dakika. Katika kila meta 100 za bomba hilo maji hupoteza karibu meta 3 za kimo.

Pili, katika viungo. Viungo ni viwiko, ti na valvu. Maji yakifika kwenye kiwiko hugonga ukuta, huzunguka, kisha ndipo huendelea. Hapo nguvu inapotea.

Jambo moja tulikumbuke. Maji yaliyosimama hayapotezi nguvu njiani. Koki zote zikifungwa, kipimo cha nguvu kitaonyesha nguvu nzima ya tangi. Mtu ataridhika na kusema kazi ni nzuri. Lakini hasara huanza pale koki inapofunguliwa. Basi bomba lipimwe maji yakiwa yanatembea.

KILA KIUNGO KINA UREFU WAKE

Mafundi wana njia rahisi ya kuhesabu hasara ya viungo. Kila kiungo wanakigeuza kuwa kipande cha bomba lililonyooka. Wanauliza hivi: kiungo hiki kinakula nguvu sawa na bomba la urefu gani?

Ili kupata jibu, zidisha kipenyo cha bomba kwa namba ya kiungo. Namba zenyewe ni hizi:

Geti valvu iliyofunguliwa yote: 8
Kiwiko cha kawaida: 30
Ti, maji yakikata kona: 60
Globu valvu iliyofunguliwa yote: 340

Hebu tuone kwa bomba la milimita 25. Kiwiko ni 30 mara 25, sawa na milimita 750, yaani meta 0.75. Ti ni meta 1.5. Geti valvu ni meta 0.2 tu. Globu valvu ni meta 8.5!

Kwa nini valvu hizi mbili zinatofautiana hivyo? Geti valvu ina kisahani kinachoinuka na kutoka njiani kabisa. Maji yanapita moja kwa moja. Ndani ya globu valvu kuna ukuta wenye tundu. Maji hupinda, hupanda kwenye tundu, kisha hupinda tena. Hata ukiifungua yote, kona hizo zimo ndani. Globu valvu ina kazi yake, nayo ni kupunguza na kuongeza maji. Lakini mahali pa kufungua tu na kufunga, geti valvu inatosha.

MFANO: MAJI YA ZAHANATI

Tuseme zahanati ya kijiji ina tangi juu ya mnara. Maji ndani ya tangi yako meta 2 juu ya koki. Koki ni mbili, moja chumba cha kujifungulia na moja nje. Zote zikifunguliwa zinahitaji jumla ya lita 18 kwa dakika. Tunaacha meta 1 ya kimo kwa ajili ya koki zenyewe. Kwa hiyo mabomba na viungo visile zaidi ya meta 1.

Bomba ni la milimita 25, urefu wake meta 20. Tukihesabu bomba peke yake, hasara ni 20 mara 3, gawanya kwa 100. Jibu ni meta 0.6. Kamati inafurahi, maji yatatosha.

Sasa tuhesabu viungo:

Viwiko 10: meta 7.5
Ti 3: meta 4.5
Globu valvu 2: meta 17
Jumla ya viungo: meta 29

Jumlisha na bomba: 20 na 29 ni meta 49. Maana yake, viungo vimekuwa virefu kuliko bomba lenyewe! Hasara sasa ni 49 mara 3, gawanya kwa 100, yaani meta 1.47. Imezidi meta 1. Mtu wa nje akifungua koki, ya chumba cha kujifungulia inanyong'onyea. Mkunga ana mama mzazi mbele yake, na mikono yake inangoja maji.

Kamati itafanya nini? Wengine watataka mnara uongezwe nusu meta. Hiyo ni saruji, nondo na vibarua. Lakini tazama, globu valvu mbili peke yake zimekula karibu nusu meta ya mnara.

Tuweke geti valvu mbili badala yake: meta 0.4. Tupitishe bomba kwa njia iliyonyooka zaidi, viwiko viwe 6: meta 4.5. Ti 3 zibaki: meta 4.5. Viungo sasa ni meta 9.4. Pamoja na bomba ni meta 29.4. Hasara ni meta 0.88. Imetosha, na mnara haukuguswa.

MAMBO YA KUKUMBUKA

Hesabu hii ni ya kukadiria. Bomba lililokula kutu hula nguvu zaidi.

Katika bomba refu la kilometa kadhaa, viwiko vichache si kitu. Hasara ya viungo huuma katika bomba fupi lenye kona nyingi, kama la zahanati, shule au nyumba.

Maji yakiongezwa mara mbili katika bomba lile lile, hasara huongezeka karibu mara nne. Kwa hiyo msiongeze koki kabla ya kuhesabu upya.

Kabla ya kumlipa fundi, mwambieni achore njia ya bomba. Hesabuni viungo vyote kwenye mchoro. Kazi ikiisha, fungueni koki zote na mpime kwa ndoo na saa. Kwa lita 9 kwa dakika, ndoo ya lita 20 hujaa kwa dakika 2 na sekunde 13 hivi.

MASWALI

1. Kwa nini tusipime nguvu ya maji koki zikiwa zimefungwa tu?

2. Bomba la milimita 25 lina urefu wa meta 30. Lina viwiko 4, geti valvu 1 na globu valvu 1. Linapitisha lita 18 kwa dakika. Hasara ni meta ngapi za kimo?

3. Nendeni kwenye bomba la kijiji chenu. Hesabuni viungo vyake. Kipi mnaweza kukiondoa?

Jibu la swali la 2: Viungo ni meta 11.7. Jumla ni meta 41.7. Hasara ni karibu meta 1.25.