Linganisha Magari Mapya Kabla ya Kununua
Bei ya kununulia ni sehemu tu ya gharama ya gari. Tuseme gari la kwanza huenda kilomita 10 kwa lita moja ya petroli. La pili, lenye bei kubwa zaidi, huenda kilomita 15. Ukisafiri kilomita 15,000 kwa mwaka, la kwanza litatumia lita 1,500 na la pili lita 1,000. Zidisha tofauti hiyo ya lita 500 kwa bei kikomo inayotangazwa na EWURA kila mwezi, kisha kwa miaka utakayolitumia gari. Jibu likizidi tofauti ya bei za kununulia, lililoonekana ghali ndilo nafuu. Hata hivyo, usikubali unafuu unaokunyima mifuko ya hewa au breki za ABS.