Kivumbasi, Mmea Wenye Harufu

Chuma jani moja la kivumbasi, ulipikiche baina ya vidole vyako, kisha unuse. Je, harufu hiyo kali imetoka wapi?

Juu ya ngozi ya jani la kivumbasi mna vifuko vidogo mno, visivyoonekana vizuri kwa macho matupu. Ndani yake mna mafuta. Ukilipikicha jani, vifuko hupasuka, na mafuta hugeuka mvuke ukaingia puani mwako. Jani lililokauka juani kwa siku nyingi hunukia kidogo tu, kwa sababu mafuta yake mengi yamekwisha potea hewani.

Huko Bujora, karibu na Kisesa, mashariki ya mji wa Mwanza, pana Makumbusho ya Wasukuma. Mambo mengi ya wazee yamehifadhiwa hapo, na dawa za miti shamba ni mojawapo. Katika vijiji vya kandokando ya Ziwa Viktoria, kivumbasi huota chenyewe kando ya njia. Wengine hukipanda uani. Majani machache hutiwa katika chai ili inukie. Mwenye mafua huchemshiwa majani, akajifunika shuka na kuvuta mvuke. Huko ndiko kujifukiza. Mvuke humpa nafuu ya pua iliyoziba, lakini hauui virusi vya mafua. Usijifukize bila mtu mzima, maana maji ya moto yamewaunguza watoto wengi.

Jioni, watu huchoma majani juu ya makaa ili kufukuza mbu. Je, mbu hufukuzwa kweli? Mwaka 2002 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa Mbita, nchini Kenya, ufukoni mwa ziwa hilihili. Wataalamu waliweka vyungu vyenye aina mojawapo ya kivumbasi kibichi kwenye vibanda vya majaribio. Katika kila mbu 100 wa malaria, karibu 40 walizuiwa. Piga hesabu: ni wangapi ambao hawakuzuiwa? Mmoja tu kati yao, akiwa na vimelea vya malaria, atosha kukuambukiza. Kwa hiyo wenye kivumbasi uani hulala ndani ya chandarua pia. Na mtoto mwenye homa hapewi chai ya kivumbasi akangojewa apone. Hupelekwa zahanati siku hiyohiyo, damu yake ipimwe.

Wakulima wengine huchanganya majani makavu na maharage ili yasitobolewe na fukusi. Jambo hili mnaweza kulijaribu darasani.

Chukueni makopo mawili. Katika kila kopo tieni punje 50 za maharage mazima na fukusi 10. Katika kopo la kwanza ongezeni kiganja kimoja cha majani ya kivumbasi yaliyokaushwa kivulini na kupondwa. Funikeni makopo yote mawili kwa kitambaa chepesi, myafunge kwa uzi, myaweke mahali pamoja. Baada ya wiki sita, hesabuni punje zenye matundu katika kila kopo, mwandike daftarini.

Maswali
1. Kwa nini majani yalikaushwa kivulini, wala si juani?
2. Kopo la pili halikutiwa majani. Lina kazi gani katika jaribio hili?