Mdogo Wangu, Usiilaumu Projekta Kabla Hujafuata Waya

Mdogo wangu, nimekusikia. Umeuza mahindi, umeshika vijisenti, na sasa moyo umekataa kutulia: unataka mpira uonekane ukuta mzima, si kwenye ile TV ya inchi 32 ambayo wageni wanaizunguka wakikunja shingo. Sikulaumu. Hapa Moi's Bridge, magunia yakishapakiwa na malori yakaondoka, kila nyumba huwa na mipango yake, na kutaka raha kidogo si dhambi. Kinachonitia wasiwasi ni haya ninayoyaona msimu baada ya msimu. Mtu ananunua projekta leo, anaiunga kesho, keshokutwa anamfokea mke, fundi na hata mtoto aliyeshika rimoti, kwa sababu picha imekuja hafifu kuliko ya TV aliyoidharau.

Haraka hiyo ndiyo inayokuponza. Ifuate kwanza njia ya picha: inatoka kwenye dishi, inaingia dikoda, inapita kwenye waya, inafika projekta, kisha inaangukia ukutani. Mahali pamoja pakiwa dhaifu, hata kama kwingine kote umemwaga pesa, utakachokiona ni udhaifu huo. Na mara nyingi wenyewe umejificha kwenye waya, kitu ambacho hukukifikiria hata dakika moja.

Hebu chungulia nyuma ya dikoda yako. Utaona matundu matatu ya mviringo, la njano, jeupe na jekundu. Kando yake kuna tundu moja bapa, pembe zake mbili za chini zimekatwa mshazari. Hilo ndilo la HDMI. Waya wa rangi tatu ulitufaa sana zamani, lakini HD haupitishi, hata uubembeleze. Picha ya njia hiyo haizidi nukta 720 kwa 576. HD kamili ni nukta 1920 kwa 1080, yaani karibu mara tano. Sasa fikiria: umelipia dikoda ya HD, umelipia kifurushi, umenunua projekta, halafu fundi mwenye haraka anachomeka waya wa rangi tatu kwa sababu ndio alio nao mkobani. Usione haya kumwambia asimamishe kazi mpaka waya wa HDMI upatikane. Kuuliza si ujinga, na nyumba ni yako.

Hata ukishachomeka HDMI, shika rimoti, ingia kwenye mipangilio ya dikoda, utafute mahali pa ubora wa picha. Dikoda nyingine hutoka dukani zikiwa na mpangilio wa chini. Weka 720p au 1080, kulingana na kile projekta yako inaweza kupokea. Kisha uangalie chaneli yenyewe, maana si kila chaneli inarushwa kwa HD. Usije ukakesha ukichezea nyaya ilhali kipindi chenyewe kilitumwa kikiwa na picha ya kawaida.

Tuje kwenye boksi, na hapa nitakushika sikio kidogo. Ukienda dukani Kitale, Eldoret au Luthuli Avenue kule Nairobi, utakuta projekta ndogo za bei tamu, na mbele ya boksi kumeandikwa 1080p kwa herufi za kujivunia. Ligeuze. Soma ule upande wenye maandishi madogo, utafute neno "native". Hapo ndipo utaambiwa ukweli: nyingi ni nukta 800 kwa 480 tu. Lile 1080p la mbele lina maana kwamba projekta inakubali kupokea picha hiyo, si kwamba ina uwezo wa kuionyesha yote. Inapokea nukta milioni mbili, inazipunguza hadi chini ya laki nne, halafu wewe unashangaa kwa nini namba mgongoni mwa mchezaji hazisomeki. Kama lengo lako ni mpira, usishuke chini ya 1280 kwa 720. Rahisi ni ghali, mdogo wangu, na wewe unalijua hilo kwa mbegu na kwa mbolea.

Kuna pia mambo ya mwangaza. Boksi litakwambia lumeni elfu tisa, lingine elfu kumi na tano, na muuzaji atakuapia kwa jina la mamake. Hivi wewe ukipeleka mahindi ghala la bodi ya nafaka, NCPB, wanakubali neno lako kwamba yamekauka? Wanatia kipimo, na yakizidi unyevu wa asilimia 13.5 unarudi nayo kwenye turubai. Lumeni nazo zina kipimo kama hicho, kinaitwa ANSI. Namba isiyo na ANSI kando yake mara nyingi ni maneno matupu. Na ukumbuke kwamba ukipanua picha mara mbili kwa upana, na urefu wake nao unapanda mara mbili, mwanga uleule umetandazwa mahali pakubwa mara nne. Ndiyo maana picha iliyokuwa nzuri dukani, ikimulika kakipande ka ukuta, inafifia sebuleni kwako saa tisa mchana madirisha yakiwa wazi. Nunua pazia zito kabla hujaanza kuitukana mashine.

Sasa lile linalowatia watu kiwewe zaidi: kila kitu kimechomekwa, taa ya projekta inawaka, sauti pengine unaisikia, lakini ukuta ni mweusi, au kumetokea ujumbe wenye herufi HDCP. Usihangaike ukidhani umeharibu. HDCP ni ulinzi wa kuzuia watu kunakili vipindi. Dikoda na projekta hulazimika kutambuana kwanza kupitia waya wa HDMI, na zisipotambuana dikoda inaficha picha. Zima vyote viwili. Washa projekta, ingoje itulie, ndipo uwashe dikoda. Waya utoke kwenye dikoda uingie projekta moja kwa moja, bila kigawanyaji katikati. Projekta ya zamani, hasa ile ya ofisini yenye tundu la VGA peke yake, haina njia ya kujitambulisha kabisa. Usikubali kuuziwa adapta juu ya adapta kwa ahadi kwamba itakubali tu.

Unaponunua waya, pima nyumba kwanza. HDMI ya kawaida ikipita mita 10 hivi huanza kusumbua: picha inakatika, inameremeta, inazima na kurudi. Watu hununua mita 15 au 20 ili dikoda ibaki kabatini na projekta ikae mwisho wa chumba. Fanya kinyume chake. Sogeza dikoda karibu na projekta, uongeze ule waya wa dishi, kwa sababu wenyewe hustahimili masafa marefu bila kulalamika. Na projekta iwekwe mbele ya ukuta, imeelekea katikati, si kando juu ya friji. Ukiiweka pembeni utalazimika kunyoosha picha kwa mpangilio wa ndani, na kila unaponyoosha unapoteza nukta ulizozilipia. Nyingi huhitaji mita moja na nusu hivi za umbali kwa kila mita moja ya upana wa picha. Kwa upana wa mita mbili, basi, uwe na mita tatu za nafasi.

Sauti isikusumbue sana. Spika ya ndani ya projekta ni ndogo, kwa hiyo acha HDMI ibebe picha, kisha utoe sauti kwenye tundu jeupe na tundu jekundu la dikoda uipeleke kwenye sabufa yako. Kama HDMI inaleta picha bila sauti, ingia kwenye mipangilio ya sauti ya dikoda, utoe Dolby uweke stereo.

Sitaki kusikia kwamba umezima projekta ya taa ya balbu kwa kuing'oa ukutani. Balbu ile ni moto mkali, na feni hubaki ikizunguka dakika kadhaa kuipoza hata baada ya kubonyeza kitufe. Stima ikipotea ghafla feni inasimama balbu ikiwa bado inachemka, na umri wake unapungua. Kwa nyumba zetu ambazo stima huja na kwenda, UPS ndogo ya kushikilia umeme si anasa. Na ukipukuchua mahindi uani, usiache projekta wazi. Vumbi lile jepesi la mahindi linaingia kwenye kichujio cha feni, linaziba, mashine inachemka. Safisha kichujio msimu ukiisha.

Jambo lingine nakwambia bila mzaha. Najua majirani watakuja, na najua kuna siku rafiki atakunong'oneza kwamba ukitoza shilingi ishirini ishirini utarudisha pesa yako, hasa AFCON ya 2027 ikiwa imepewa Kenya, Uganda na Tanzania. Kualika ndugu ni ukarimu. Kutoza kiingilio ni biashara. Akaunti ya dikoda ya nyumbani haikuruhusu hilo, utahitaji ile ya biashara, na ukiongeza filamu, ukumbi wa kuzionyesha unahitaji leseni ya Bodi ya Uainishaji wa Filamu, KFCB. Wapo waliopokonywa mitambo mbele ya umati, na aibu ile haitoki upesi. Ukitaka kufanya biashara, ifanye waziwazi. Na kabla ya yote hayo, karo ya Januari iwe imetengwa. Nimeona nyumba ikigombana kwa minong'ono usiku, mtoto ametumwa nyumbani, huku projekta ikining'inia darini. Usijitie katika huzuni hiyo ilhali msimu mwingine wa mavuno uko njiani.

Siku ya kujaribu usiifanye Jumamosi wageni wakiwa wamekaa. Ifanye Jumatano usiku, ukiwa wewe na fundi tu, uone picha, usikie sauti, uzime, uwashe tena. Halafu kuna radi. Mvua ya alasiri ikianza kunguruma huku kwetu, kuchomoa stima peke yake hakutoshi, kwa maana radi hupita pia kwenye waya wa dishi ikaingia dikoda, kisha ikafuata HDMI mpaka kwenye projekta. Chomoa stima, chomoa waya wa dishi, chomoa na HDMI. Usingoje tone la kwanza, na usiwasikilize watakaokuomba uache mpaka kipindi cha kwanza kiishe. Mabao watayaona kwenye marudio.