Kabla ya Kumlaumu Mke, Jipime Mwenyewe

Shuka Tandika au Manzese usome nguzo za umeme: busha, ngiri, nguvu za kiume, tiba ipo. Vyote kapu moja, na hapo ndipo jamaa wengi tunapotea. Nguvu ni jambo moja, mbegu ni jingine. Mtu anaweza kuwa jogoo kitandani na shahawa zake zisiwe na mbegu hata moja.

Kaka yangu wa Mbagala alimtuma mkewe kupima mara tatu ndani ya miaka minne. Yeye? Hakwenda. Alipokubali, akakutwa na varikosele, yaani mishipa inayorudisha damu kutoka kwenye korodani imetanuka na kujikunja. Damu ikituama, joto hupanda, wakati korodani inataka nyuzi 2 hadi 4 chini ya joto la mwili. Hutokea zaidi kushoto, kwa sababu mshipa wa upande huo ni mrefu na humwaga damu kwenye mshipa wa figo. Daktari hupasua kidogo kwenye kinena, akafunga mishipa iliyotanuka na kuiacha ateri salama. Mbegu huchukua siku kama 74 kutengenezwa, kwa hiyo anayetaka mimba mwezi ujao atakata tamaa bure. Na si kila anayepasuliwa hupata mtoto, tusidanganyane.

Busha ni habari nyingine. Ni maji kwenye mfuko unaoizunguka korodani, na Pwani hii chanzo kikubwa ni minyoo ya matende inayosambazwa na mbu. Kuyanyonya kwa sindano tu hayachelewi kurudi. Operesheni huondoa au kugeuza ule mfuko wenyewe.

Njia ya mbegu ikiziba (kisonono ulichokificha chaweza kufanya hivyo), huweza kuunganishwa upya. Ikishindikana, mbegu huchukuliwa kwenye korodani na moja kuingizwa ndani ya yai maabara, ufundi uliotangazwa Ubelgiji mwaka 1992. Bei yake, bumu haligusi.

Lakini usikimbilie kisu. Anza na kipimo cha shahawa: siku 2 hadi 7 bila kumwaga, na kirudiwe, maana kimoja huweza kudanganya.

Kaka alipasuliwa Julai. Kipimo cha marudio ni Oktoba, na safari hii shemeji anabaki nyumbani, anakwenda mwenyewe.